Nimefungwa bresi Dar, waya wa nyuma unanichoma shavu na mimi niko Tanga, nifanyeje?

bint_Ngamiani:
Habari za humu jamani. Mwenzenu nimefungwa bresi, vile vyuma vya kupanga meno, Dar mwanzoni mwa mwezi huu, juu na chini, nikapanda basi nikarudi zangu Tanga nikajua ngumu imeshapita. Usiku wa kwanza sitaki hata kuuhadithia, meno ya juu yakigusana na ya chini tu naona nyota, nikanywa uji na panadol nikalala. Hayo yameisha, sasa tabu ni huu waya wa kulia nyuma kabisa, umechomoza unanichoma shavu kwa ndani mpaka pamefanya kidonda, nikiongea unachoma nikicheka unachoma, na miadi yangu ni mwezi ujao. Hivi kweli nifunge safari ya kilomita 350 kwenda tu, kisa kawaya? Na nyie wenzangu mnakula nini, maana home bi mkubwa anapika kama kawa na nikiacha nyama ananiambia "si ulikuwa na meno yako mazima ukaenda kujitia vyuma". Halafu mimi ni mwalimu wa sekondari, s zangu zinatoka na mluzi, wale wa dawati la nyuma wameshaanza kuniigiza.

Kijana_Raskazone:
Pole dada 😂😂 mishkaki utaishia kunusa moshi. Huo waya chukua nelikata ukate mwenyewe, nauli ya Dar kula samaki.

MamaWawili:
Usimsikilize huyo. Mdogo wangu pole, mwanangu wa kwanza anazo hizo bresi kwa hiyo haya mambo nayajua. Walikupa nta ya kufunikia waya? Kale kaboksi kadogo watu wanakatupa kwenye pochi wanakasahau. Kausha kwanza pale kwenye waya kwa tishu, pakiwa na mate nta haishiki, halafu mega kidogo tu kama punje ya choroko, ifikiche kwa vidole ilainike, bandika juu ya ncha uibonyeze. Ukiimeza na chakula wala haina neno. Kidonda sukutua maji ya uvuguvugu na chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, asubuhi na usiku na kila ukishakula.

Chakula mbona Tanga kipo tele, bokoboko, ndizi za nazi, wali na mchuzi wa samaki, mkate wa kumimina. Nyama mwambie mama aiache ive vizuri, we uitoe kwenye mfupa uikate vipande vidogo utafune kwa magego. Embe likatwe, usiling'ate kwenye kokwa. Vya kusahau kabisa ni miwa, kashata, bisi, mahindi ya kuchoma na kutafuna barafu, vinabandua vile vidude vilivyogandishwa kwenye jino. Na ubuyu! Ile sukari inakaa mdomoni muda mrefu, na mbegu ukijisahau ukaing'ata imekula kwako.

tabibu_meno_TZ:
Mimi ni tabibu meno, si mtaalamu wa kupanga meno, ila hili ni jepesi. Waya wa mwanzo huwa mwembamba, meno yakianza kujipanga unateleza na ile ziada inatokezea nyuma. Kwa hiyo ni dalili kwamba meno yanatembea. Nelikata hapana, kipande kinaweza kuangukia kooni na ncha inayobaki inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Osha mikono, jaribu kuusukuma taratibu kwa kijiti cha pamba ulale karibu na jino, ukigoma acha, weka nta. Piga picha umtumie daktari wako WhatsApp, akikubali nenda kitengo cha meno hospitali ya Bombo au kliniki yoyote ya meno hapo mjini, kuna koleo maalumu la kukata waya wa nyuma ambalo linashika kile kipande kisidondoke. Dakika chache umemaliza.

Ila ile miadi ya mwezi ujao Dar usiiruke. Bresi kwa kawaida ni mwaka na nusu mpaka miwili, na ukiruka miadi unaweza kukaa nazo muda mrefu zaidi. Na mswaki kila ukila, pitisha juu ya waya na chini yake, uchafu ukikaa pale siku ya kuvua unakuta madoa meupe kuzunguka kila kidude na hayo hayatoki kwa mswaki. Mluzi utaisha wenyewe, soma kwa sauti nyumbani ulimi uzoee.

bint_Ngamiani:
Asanteni sana jamani, daktari kajibu picha, nikaenda kliniki ya huku huku wakaukata, sikusikia hata maumivu. Nta kumbe ilikuwa kwenye pochi kweli 😅 Sasa jipya, jana nimekula biriani la harusini, zile ringi zangu nyeupe, vile vimpira vinavyoshika waya, zimegeuka njano zote, nimepiga mswaki mpaka mkono umechoka. Meno yameharibika?

MamaWawili:
Meno hayajafanya kitu, ni manjano hiyo imeingia kwenye ringi, na zile zinabadilishwa ukienda miadi. Safari hii omba kijivu au bluu iliyokolea. Nyeupe na msimu wa harusi Tanga wapi na wapi.

Kijana_Raskazone:
Kwa hiyo mishkaki ya harusini ulimpa nani?