Ushauri: mwanangu achukue skolashipu ya chuo cha MAC, au tujilipie aingie timu ya Big Ten?

MamaNuru_Ohio: Wakuu, habari za huko mliko. Sisi tunaishi Columbus, Ohio. Kijana wangu wa mwisho anakaribia kumaliza sekondari na anacheza futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kofia ngumu. Nafasi yake ni konabeki, yaani anamkaba mpokea pasi. Chuo kimoja cha MAC, konferensi ndogo (konferensi ni kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja), kimempa skolashipu kamili: ada, malazi, chakula. Chuo cha Big Ten, konferensi ya wakubwa, nacho kinamkaribisha timuni, ila ada tulipe wenyewe, ya baadaye yataonekana. Baba yake anasema MAC ni ndondo tu, huko hakuna atakayemwona. Mimi jicho langu liko kwenye ada. Mnaoujua mchezo huu, hivi tofauti ni kubwa kiasi gani?

Kasuku255: Ndondo? Mwambie shemeji Northern Illinois walikuwa MAC Septemba 2024, walipomfunga Notre Dame, chuo kikubwa, 16-14 palepale nyumbani kwake. Tena Notre Dame ndiye aliyewalipa dola milioni 1.4 waje kucheza. Umelipa mwenyewe, umefungwa mwenyewe 😂

Mzee_wa_Msimamo: Kasuku, malizia hadithi basi. Notre Dame huyohuyo msimu ule alifika fainali ya taifa. Northern Illinois wakamaliza na ushindi 8, vipigo 5. Wakubwa wana kikosi cha pili na cha tatu ambacho kwa mdogo kingeanza. Siku moja mdogo anaweza kukutoa jasho, lakini msimu mzima hawezi.

Angalieni mtoano wa taifa. Cincinnati walikuwa wa kwanza kutoka konferensi ndogo kuingia, msimu wa 2021, wakapigwa na Alabama 27-6. Boise State msimu wa 2024 walichapwa 31-14 na Penn State. Msimu wa 2025 wakaingia wawili kwa mpigo: Tulane akala 41-10, James Madison akafungwa 51-34. Hakuna aliyevuka hata mechi moja.

Kasuku255: Na Utah je, waliomfunga Alabama 31-17 Januari 2009 wakiwa Mountain West, konferensi ndogo?

Mzee_wa_Msimamo: Utah wako wapi leo? Big 12, konferensi ya wakubwa. Cincinnati, Big 12. UCF, Big 12. Mdogo akinona tu, wakubwa wanamchukua, halafu tunakaa hapa kushangaa kwa nini wadogo hawakui.

Binti_Pwani: Jamani, mama hajauliza nani bingwa, ameuliza mtoto aende wapi. Quinyon Mitchell ni konabeki kama kijana wako, alisoma Toledo, MAC hiyohiyo. Mwaka 2024 Eagles, timu ya NFL (ligi ya kulipwa), wakamchagua raundi ya kwanza ya kugawana wachezaji wapya, na msimu uleule wakabeba Super Bowl, ubingwa wa ligi hiyo. Khalil Mack alitoka Buffalo akachaguliwa wa 5 mwaka 2014. Eric Fisher wa Central Michigan alichaguliwa namba 1 kabisa mwaka 2013. Wasaka vipaji wa NFL wanafika kote. Wanachotaka ni mikanda ya video ya mechi, na anayekaa benchi hana mkanda.

Mtoto_wa_Uvira: Mama Nuru, hapo penye "ya baadaye yataonekana" pananitia wasiwasi. Tangu makubaliano ya mahakama ya Juni 2025, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kikosi cha futiboli kwa vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo mwisho ni watu 105. Zamani timu kubwa zilibeba hata 120. Wanaokatwa kwanza ni wasio na skolashipu. Unaweza kulipa ada ya mwaka, kisha Agosti kocha akamwambia asante.

Kuhusu fedha za mchezaji, shemeji ana hoja: dari ya malipo hayo mwaka wa kwanza ilikuwa dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote. Big Ten wanaweza kuigusa, MAC hawawezi. Lakini hizo kwa kawaida hawapewi waliojilipia ada.

Akienda MAC aking'aa, wakubwa watamfuata wenyewe, maana siku hizi mchezaji anahama bila kukaa nje msimu, mradi masomo yake yako sawa. Ila msisaini kwa maneno ya simu. Dai barua: skolashipu ni ya miaka mingapi, na akiumia goti inaendelea? Pia, je, ana viza ya mwanafunzi? Hiyo ina masharti yake kwenye malipo.

MamaNuru_Ohio: Green card anayo, namshukuru Mungu. Hilo la 105 hatukuambiwa kabisa. Nimemsomea baba yake, amenyamaza kidogo, sasa anauliza Toledo ni mwendo wa saa ngapi.

Kasuku255: Saa mbili na kitu. Novemba MAC wanacheza Jumanne na Jumatano usiku ili waonekane kwenye TV, kwa hiyo shemeji aanze kuomba ruhusa kazini, na anunue koti zito.