Kanibandulia sufu za spika, halafu ananiambia "nimekusafishia bure"!

Babu Santuri: Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Huyu fundi wetu wa huku Uingereza, simtaji, mnamjua, anajinadi kwenye kila kundi la WhatsApp la Wabongo. Nilimpelekea spika zangu za LS3/5a, twita moja, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ilikuwa inakwaruza. Leo naenda kuzichukua, navua kitambaa cha mbele, nakuta twita ziko uchi! Ile sufu nyeusi nene iliyozizunguka hakuna. Namuuliza iko wapi, ananijibu huku anatafuna sambusa: "Ule uchafu? Nimekusafishia bure."

UCHAFU!

Jamani, spika hizi BBC walizibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo, ndiyo maana kimo chake ni sentimita 30 tu. Wufa ya besi B110, twita T27, zote za kampuni ya KEF ya Maidstone. Ile sufu haikubandikwa kwa urembo: inazuia sauti ya twita isigonge kingo za boksi ikarudi kuvuruga. Fidla ya taarab nilikuwa naisikia imekaa mahali pake, sasa inalia kama bawaba kavu. Na kakwangua gundi yote, alama za bisibisi zimebaki kwenye mbao. Mbovu ilikuwa moja, kabandua ZOTE MBILI! Eti zifanane! Bure! Huyu ukimpa spika za Quad za umeme tuli atachana utando wa ndani akidhani ni nailoni ya dukani.

Mzaramo Asilia: Pole mkuu, lakini uzi bila picha ni chai.

Babu Santuri: Picha ya nini? Sufu iko kwenye pipa lake la taka!

Dogo wa Mbagala: Kelele zote hizi kwa kispika cha sentimita 30? Njoo nikuuzie sabufa, ukiwasha tu bati zinacheza.

Babu Santuri: Sabufa kaa nayo. Mtu kanitazama usoni: NIMEKUSAFISHIA BURE!

Mama Kayla: Ni huyo huyo. Ampu yangu kaikalia tangu kipindi cha baridi, kila nikipiga simu "nasubiri spea". Juzi nimeisikia inapiga muziki harusini.

Dogo wa Mbagala: 😂😂 Mama, kaikodisha!

Kiti Moto: Bora nyie. Wangu wa Kinondoni alinirudishia TV na rimoti ya king'amuzi cha mtu mwingine.

Mzaramo Asilia: Mkuu, king'amuzi gani? Changu kinagoma tangu jana na kifurushi nimelipia.

Babu Santuri: Wakuu, turudi kwenye mada.

Kiti Moto: Kizime, chomoa kadi, ifute kwa kitambaa kikavu, rudisha.

Mzaramo Asilia: Nimerudisha. Sasa kinaandika "weka kadi".

Mama Kayla: Umeigeuza. Kile kidhahabu kinatazama chini.