Wajaza flash wa Mwanjelwa mpaka Makambako, mnatuuzia nusu filamu

Wakuu, salaam. Sizunguki. Kuna kopi ya The Dark Secret of Harvest Home inazungushwa kwenye maduka ya muvi huku Nyanda za Juu Kusini, imetafsiriwa, na ni uharibifu mtupu.

Urefu kwanza. Hii ni filamu ya kutisha ya televisheni. NBC ya Marekani waliirusha Januari 1978 kwa usiku mbili, na hata ukiondoa matangazo inapita saa tatu. Faili mnalojaza lina dakika 118. Hilo ni toleo la mkanda wa VHS, limefyekwa karibu nusu. Na kilichofyekwa ndicho kinachotisha: kijiji cha Cornwall Coombe kinamzoea mgeni polepole, sherehe baada ya sherehe, tangu kupanda hadi kuvuna. Ukiruka sherehe mbili tatu, yule Mjane Fortune anayeigizwa na Bette Davis anabaki bibi mkorofi tu, wakati ubaya wake wote umekaa kwenye upole na dawa zake za miti shamba.

Najua kisingizio. Flash nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Sasa si mgawe mara mbili? Filamu yenyewe ilitoka na sehemu mbili, hata pa kukata mmeonyeshwa!

Halafu hizo dakika 118 mmezibana mpaka MB 700. Pigeni hesabu, ni kama kilobiti 800 kwa sekunde, sauti ikiwa humohumo. Mchana inavumilika. Ikifika usiku giza lote linakuwa vigae vinavyotetemeka, na filamu ya aina hii inaishi gizani.

Picha yake ni 4:3, ya televisheni za chogo. Mmeivuta ijae skrini ya 16:9, kila uso umepanuka kwa theluthi, Bette Davis kawa gunia la lumbesa. Hiyo angalau ina dawa: kwenye kompyuta, ukitumia programu ya VLC, bonyeza herufi A mpaka isome 4:3, au tumia kitufe cha ukubwa wa picha kwenye rimoti. Waliokata juu na chini badala ya kuvuta wametupa robo nzima ya picha, na hairudi.

Sasa DJ anayetafsiri. Ndugu yetu anaogopa ukimya kama deni. Wanakijiji wanatazamana, hakuna anayesema kitu, yeye anajaza: "Hapa sasa jamaa anawaza..." Akinyamaza, programu yake inapandisha sauti ya filamu yenyewe kwa pupa, unasikia mvumo unapanda na kushuka kama mtu anahema nyuma ya kochi. Punguza sauti ya filamu desibeli 10 au 12 pale unapoongea tu, na iache irudi taratibu. Pasipo na maneno, funga maiki. Na siri ya kijiji kuitangaza dakika ya tano ni roho mbaya, haina jina lingine.

Lakini kilichonipandisha presha ni neno moja. Kila Mmarekani anaposema "corn", DJ anasema ngano. Ngano! Mahindi yenyewe yapo kwenye skrini, na anawatafsiria watu wa Mbozi na Ismani, ambao hata mtoto wa darasa la pili anajua mbelewele ni nini. Na hapa si suala la msamiati. Hindi lina dume na jike mbalimbali kwenye mmea mmoja: mbelewele kileleni inamwaga unga, ndevu za gunzi huko chini zinaupokea, na ndevu isiyopata unga inaacha pengo kwenye gunzi. Imani nzima ya kile kijiji imesimama hapo, ndiyo maana kuna Bwana wa Mavuno na kuna Binti wa Mahindi. Ua la ngano lina vyote viwili ndani yake na hujichavusha lenyewe. Ukisema ngano, wale watu wanaonekana vichaa wasio na sababu. Wana sababu, na mkulima yeyote wa huku angeikamata kabla ya yule mgeni.

Nanyi wanunuzi, kabla hamjalipa, mwambieni muuzaji alifungue faili mbele yenu, mwangalie muda. Ikisoma 1:58, mrudishieni flash yake hapohapo.