Mjadala: Ni haki mgeni kutozwa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji kwenye makumbusho?

Wakuu, tangu Januari 2026 jumba la makumbusho la Louvre, Paris, lina bei mbili. Raia na wakazi wa Umoja wa Ulaya, pamoja na wale wa Iceland, Norway na Liechtenstein, wanaingia kwa euro 22. Sisi wengine wote tunalipa 32. Kasri la Versailles na kanisa la Sainte-Chapelle nazo zimefuata njia hiyohiyo. Wengi wamelipokea kama jambo la kawaida: aliyeweza kupanda ndege hashindwi na euro 10. Mimi napinga.

Nianze na kitu kimoja. Kwenye vyumba vya Misri ya kale pale Louvre kuna sanamu ya karani aliyeketi chini, miguu kaikunja, karatasi ya mafunjo kaitandaza mapajani. Ni jiwe la chokaa, na rangi nyekundu ya ngozi bado imeshika. Kinachokusimamisha ni macho. Yamechongwa kwa fuwele na kuzungushiwa shaba, yanang'aa kama ya mtu aliyekatizwa kuandika, anangoja umtajie neno linalofuata. Amekaa hivyo zaidi ya miaka 4,000. Aliyemfukua ni Mfaransa Auguste Mariette, mwaka 1850, huko Saqqara, kusini kidogo mwa Cairo.

Sasa wawekeni watu wawili mbele ya macho yale, mmoja katoka Munich, mwingine katoka Cairo. Wa Munich kalipa 22, wa Cairo kalipa 32. Aliyetozwa zaidi ndiye ambaye karani katoka kwao! Hapo ndipo ninapokwama, na sijapata mtu wa kunikwamua.

Hoja kubwa ya wanaotetea ni kodi: Mfaransa ameshalichangia jumba kupitia serikali yake, kwa nini alipe sawa na asiyechangia? Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Lakini Mjerumani analipa kodi Ujerumani, Mnorway analipa Norway, na wote wanaingia kwa 22. Mstari umechorwa pale kwa sababu sheria ya Ulaya hairuhusu kumbagua raia wa nchi mwanachama. Mwaka 2003 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliibana Italia kwa kuwapa wazee wa Kiitalia na wakazi nafuu ya kiingilio huku ikiwanyima wazee wa nchi nyingine za Umoja. Kwa hiyo kinachoangaliwa mlangoni si nani kachangia, ni nani ana sheria ya kumlinda.

Wanaotaka kufuata kodi kweli wana mfano New York. Tangu 2018, jumba la makumbusho la Metropolitan linawaruhusu wakazi wa jimbo hilo walipe kiasi wanachotaka. Wengine wengi wanalipa kamili, na Mmarekani wa Texas yumo humohumo pamoja na mgeni wa mbali. Siupendi sana utaratibu huo, ila angalau unaeleweka.

Sibishi kwamba Louvre inahitaji fedha. Mwaka 2024 ilipokea watu milioni 8.7, na jengo limechoka. Novemba 2025 maji yalivuja yakalowesha vitabu vya maktaba ya idara hiyohiyo ya Misri. Basi wapandishe kwa wote. Acropolis, kilima chenye magofu ya kale pale Athens, imefanya hivyo: kiingilio cha kawaida ni euro 30, uwe Mgiriki au mgeni, na wageni hawazidi 20,000 kwa siku. Ukipanda pale unaona sababu kwa miguu yako mwenyewe, marumaru imesuguliwa na nyayo mpaka inateleza kama sabuni. Nyayo zote zinasugua sawa, na bei ni sawa.

Na wenye mali nyingi zaidi za watu hawatozi kabisa. British Museum ya London ilifunguliwa 1759, na kuingia ni bure, isipokuwa maonyesho maalumu. Ugomvi wa nani mwenye haki ya kuwa na shaba za Benin, yaani sanamu za ufalme wa kale ulio Nigeria ya leo, zilizochukuliwa na Waingereza kwa mtutu wa bunduki mwaka 1897, bado upo na ni mkali. Lakini angalau Mnigeria haombwi hela mlangoni ili azione.

Kuna mdau aliniuliza swali lililonikaa: mbona kwenye kaburi la Taj Mahal kule Agra, India, Mhindi analipa rupia 50 na mgeni 1,100, na Misri nayo ina bei mbili, na husemi? Nimelifikiria siku kadhaa. Tofauti kubwa ya vipato ipo, ila si jibu langu, maana mgeni naye anaweza kuwa maskini. Jibu langu ni kwamba Taj Mahal ilijengwa Agra na iko Agra; anayepunguziwa ni mwenyewe. Karani wa Saqqara yuko Paris, na mwenyewe ndiye anayeongezewa. Nani anaona vingine?