Ramani ilionyesha lami, tukakuta mchanga, na mwenzetu akabaki nyuma peke yake

DadaPedali ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili limenikaa moyoni wiki nzima, na baada ya wiki sita natakiwa kuongoza safari nyingine ya baiskeli ya kilomita 200, kwa hiyo naomba mnisaidie kabla sijarudia kosa.

Jumapili iliyopita tulitoka watu tisa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, safari ya mzunguko ya kilomita 186. Njia niliichora mimi. Nilikaa na programu ya ramani jioni tatu mfululizo, nikikwepa barabara kuu yenye malori, na kwenye skrini mstari wote ulionekana ni barabara ya kawaida. Nikawaambia wenzangu kwa kujiamini kabisa kwamba ni lami mwanzo mwisho. Wakaniamini. Wote wakaja na baiskeli za lami, tairi za milimita 25, wawili tu walikuwa na 28, upepo umejazwa mpaka tairi ni gumu kama ubao, na kila mtu na tyubu moja ya akiba.

Kilomita ya 94 lami ikakatika. Haikuanza kuharibika kidogo kidogo. Ilikatika ghafla, tukajikuta kwenye kokoto. Tukasimama, tukatazama ramani, tukaona kilomita saba mbele kuna barabara nyingine kubwa. Tukasema saba si nyingi. Tulipita polepole, pancha mbili, na tulipogusa lami tena watu walikuwa wanacheka na kupiga picha. Naamini hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kujiuliza: kama ramani imekosea hapa, imekosea wapi tena?

Kilomita ya 118 kikaja kipande cha pili, kilomita 11. Nusu ya kwanza ilikuwa ardhi ngumu yenye mikunjo kama bati, ile inayotetemesha mikono mpaka vidole vinakufa ganzi. Nusu ya pili mchanga. Haukuwa wa kuzama, ila ulitosha kushika gurudumu la mbele na kuligeuza upande usioutaka. Kundi lilivunjika ndani ya dakika kumi. Wenye nguvu walitangulia, na mimi nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu mchangani ukipunguza mwendo unaanguka, na ukishasimama kuanza tena ni kazi. Nikajiambia tutakutana mbele.

Tulikutana wanane. Tulikaa chini ya mti pale lami inapoanza, tukiziba pancha na kugawana maji, na ilipita karibu nusu saa kabla mtu hajauliza, "Yule mwenzetu mgeni yuko wapi?" Simu yake haikupatikana. Nikarudi. Nilimkuta kama kilomita nne nyuma, anatembea kwa soksi, baiskeli begani, viatu vyake vya klipu, vile vya kunasa kwenye pedali, amevining'iniza kwenye usukani. Pancha ya kwanza aliipata kwenye mikunjo, akaweka tyubu ya akiba, na dakika chache baadaye nayo ikatoboka. Chupa zake zote mbili zilikuwa zimeruka kutoka kwenye vishikio, hakujua wapi. Ilikuwa mara yake ya pili kuendesha nasi na mara ya kwanza katika maisha yake kupita kilomita 100. Aliponiona hakulalamika. Alisema tu, "Nilijua mmeshaondoka."

Maneno hayo hayanitoki kichwani.

Tulimaliza salama. Kipande cha tatu, kilomita nne za mawe, tulikivuka kwa miguu wote pamoja. Jumla kilomita 22 za vumbi, ambazo kwenye lami tungezimaliza chini ya saa moja, zilituchukua zaidi ya saa tatu.

Je, tulipaswa kugeuza pale kilomita ya 94? Na ninyi mnafanyaje ili kundi lisimwache mtu njia inapobadilika? Nauliza kwa sababu njia ya safari ijayo ina kipande cha kilomita 6 ambacho sasa sikiamini, na kukizunguka kunaongeza kilomita 31, nyingi zikiwa kwenye barabara ya malori.

---

MchoraNjia amejibu:

Pole dada, na umefanya vema kurudi mwenyewe.

Nianze na ramani maana ndiyo kazi ninayoijua. Programu nyingi za kuchora njia za baiskeli zinachota data kutoka OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayojazwa na watu wa kujitolea. Kila barabara ina mahali pa kuandika uso wake: lami, kokoto, udongo, mchanga. Lakini anayeichora mara nyingi huandika daraja la barabara tu, kubwa au ndogo, na kuacha uso bila kuujaza. Programu ikikuta pako wazi inakisia kwa kutazama daraja. Barabara yako pengine iliandikwa ni ya daraja la kati, programu ikaona daraja la kati kwa kawaida huwa na lami, basi ikakupitisha.

Kwa hiyo usiangalie rangi ya mstari. Gusa kipande kimoja kimoja usome kama uso umeandikwa. Ambacho hakijaandikwa, kihesabu ni vumbi mpaka uthibitishe. Kisha fungua picha za setilaiti uzisogeze karibu. Lami ina kingo zilizonyooka na upana usiobadilika. Barabara ya udongo ina rangi ya udongo wa pembeni yake, na upana wake unapanuka na kusinyaa kwa sababu magari hukwepa mashimo na madimbwi, kila dereva akijitafutia njia. Ukiona njia inagawanyika mara mbili na kuungana tena bila sababu, hapo pana tope au mchanga. Angalia pia tarehe ya picha, nyingine ni za miaka kadhaa nyuma.

Tahadhari moja: zile ramani zinazoonyesha wapi waendesha baiskeli wengine wamepita zinakuambia kwamba inapitika, hazikuambii walikuwa na baiskeli gani. Mwenye tairi za milimita 50 anaacha mstari uleule unaoacha wewe.

Zile kilomita 6, nenda kazione kwa macho.

---

GeuzaMapema amejibu:

Ndiyo, ningegeuza. Ulikuwa kilomita ya 94 katika safari ya 186. Kurudi ulikotoka kungefanya jumla iwe 188. Kilomita mbili zaidi, zote kwenye lami ambayo mmeshaiona.

---

MtuWaMkia amejibu:

Hesabu ya GeuzaMapema ni sahihi na kila kiongozi aibebe kichwani: kabla ya kuingia kwenye kitu usichokijua, jua kurudi ni kilomita ngapi. Ila sitaki dada aondoke hapa akidhani tatizo lilikuwa kilomita saba za kokoto. Mwenzake aliachwa kwenye kipande cha pili, na aliachwa kwa sababu watu tisa waliingia vumbini wakiwa bado na mazoea ya lami.

Mimi huendesha nyuma kabisa kwa hiari yangu, mwaka wa saba sasa, na nimeona jinsi kundi linavyovunjika. Kwenye lami, adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni hewa. Ukikaa nyuma ya mwenzako anakukatia upepo, na kwa mwendo wa kilomita 28 au 30 kwa saa unaokoa sehemu kubwa ya nguvu zako. Ndiyo maana mgeni asiye na mazoezi mengi anaweza kufika kilomita ya 90 na wenye nguvu bila kuonekana dhaifu. Kundi linambeba.

Sasa ingieni kwenye kokoto. Mwendo unashuka mpaka kilomita 12 au 14. Upinzani wa hewa hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo mwendo ukipungua kwa nusu, upinzani unabaki robo. Kinachokuzuia sasa ni ardhi yenyewe, na ardhi hakuna anayekukinga nayo. Tena lazima umwachie wa mbele nafasi, vinginevyo huoni shimo mpaka uko ndani yake. Yaani yule mgeni ananyang'anywa msaada wote wa kundi katika dakika ileile njia inapokuwa ngumu. Hata kama wenzake ni watu wema kabisa, ataachwa.

Kwa hiyo mimi simlazimishi mtu kuendesha pamoja vumbini. Haiwezekani, na mchangani ni hatari, kila mtu aende kwa mwendo unaomshika wima. Ninachofanya ni kulifunga kundi kwenye milango miwili. Mlango wa kuingilia: wote tunasimama, tunahesabu vichwa, tunapunguza upepo, chupa tunazikaza au tunaziingiza mifuko ya mgongoni, na tunataja nani wa mwisho. Si "atakayebaki nyuma." Ni mtu aliyetajwa, mwenye nguvu, mwenye pampu ya uhakika, tyubu mbili na viraka, na kazi yake siku hiyo ni kutompita mtu yeyote. Mlango wa kutokea: hakuna anayeondoka, na wa kwanza kufika anahesabu wanaotoka kwa sauti. Mngehesabu, mngejua mko wanane dakika ya kwanza badala ya ya thelathini.

Kipande kikizidi kilomita tano, nakikata katikati na kuweka mlango wa tatu.

Kuhusu tairi. Pancha za mwenzako nina hakika kubwa kwamba ni za kubanwa: tairi linagonga ukingo wa jiwe au tuta la mkunjo, linabonyea mpaka tyubu inabanwa kati yake na rimu. Zikague, utakuta matobo mawili madogo yaliyo sambamba. Milimita 25 zinakuweka pabaya, kwa sababu ukiacha upepo mwingi baiskeli inarukaruka na kuteleza, ukipunguza unabanwa. Mimi nina kilo 74 na tairi za 28. Kwenye lami natumia psi 75 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) nyuma, vumbini nashuka hadi 60, mbele chini kidogo. Kama fremu na breki za wenzako zinaruhusu 32, wahamie 32. Hata wanaoshindana Paris–Roubaix, mashindano ya baiskeli ya Ufaransa yanayopita barabara za mawe, yaliyoanza mwaka 1896, leo wengi wao wanapita na milimita 30 au zaidi, na hao wana gari la fundi nyuma yao.

Mchangani: gia nyepesi kabla hujaingia, makalio nyuma kidogo, mikono ilegee, macho mita kumi mbele, breki ya mbele usiiguse. Usukani ukicheza uache ucheze, endelea kupiga pedali.

Na muda. Safari za breve, yaani safari ndefu za baiskeli zisizo za mashindano ila zenye kikomo cha muda, za kilomita 200 zina kikomo cha saa 13 na nusu, yaani wastani usiofika kilomita 15 kwa saa, mapumziko yote ndani yake. Panga kwa roho hiyo. Kila kilomita ya vumbi ihesabu kama mbili na nusu za lami, kisha ongeza dakika 15 kwa kila pancha unayoitarajia.

---

Nilitembea amejibu:

Mimi niliwahi kuwa yule wa nyuma. Kundi jingine, njia nyingine, kilomita sita kwa miguu. Sikuumia mwili. Kilichoniuma ni kwamba nilipofika walinipigia makofi, kisha wakapanda baiskeli na kuondoka hapohapo, kwa sababu wao walikuwa wameshapumzika. Sikuendesha na kundi mwaka mzima.

DadaPedali, mpigie simu. Usimwandikie kwenye ukurasa wa kundi mbele ya watu wote, atajibu "hakuna shida" na habari itaishia hapo. Na safari ijayo, anayefika wa mwisho ndiye aseme lini mnaondoka.

---

DadaPedali amejibu:

Asanteni wote. Nimesoma mara mbili, na ile hesabu ya 188 nimeirudia kwa kalamu. Kweli. Tulisimama pale dakika kumi na hakuna hata mmoja wetu aliyeifanya.

Nimekagua pia tyubu zilizotoboka, nilikuwa sijazitupa. Nne kati ya sita zina matobo mawili sambamba kama alivyosema MtuWaMkia.

Nimempigia jana jioni. Nilimwambia njia niliichora mimi, niliahidi lami, na nilikaa kivulini huku yeye akitembea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mchanga haukumsumbua sana, kilichomsumbua ni kutojua kama anapaswa kutusubiri, kurudi au kuendelea. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kuhusu kilomita 200, amesema bado. Lakini nilipomweleza kuhusu zile kilomita 6, aliuliza nakwenda kuziangalia lini.

Tunakwenda Jumamosi, yeye na mimi. Nimeazima magurudumu yenye tairi za 32, naye anakuja na zake za 25 makusudi, tuone zinafanya nini kwa psi tofauti. Nitarudi kuwaambia uso wa njia ukoje, na nitaujaza kwenye OpenStreetMap pamoja na vile vipande vitatu. MchoraNjia, nielekeze: mchanga uliolala juu ya udongo mgumu unaandikwa mchanga au udongo?