Ulinganisho: michezo mitatu ya karata za maharamia, tuchapishe upi?

Mwanaloleza (Mbeya mjini)

Wakuu, habari za jioni. Mimi na swahiba wangu (naye yumo humu, atajitetea mwenyewe) tunabuni mchezo wa karata wa maharamia wa baharini. Ni wa kuchezwa nyumbani, kijiweni, au mkisubiri chakula kiive. Hakuna pesa mezani. Uwezo wetu ni wa kuchapisha mmoja tu, na tunayo rasimu tatu.

Ya kwanza ni *Tufani*. Unafunua karata za shehena moja moja kutoka kwenye rundo na kuziweka mezani: dhahabu, hariri, karafuu na kadhalika. Ukitosheka unasema basi, unatia ghalani. Ikitokea karata ya tufani kabla hujasema basi, umepoteza vyote vya zamu hiyo.

Ya pili ni *Nahodha*. Hii ni ya kula kwa turufu, yaani aina ya karata inayozishinda nyingine zote. Kila mtu ana karata mkononi, anayeongoza anatupa, wengine mnafuata aina ile ile, mkubwa anakula.

Ya tatu ni *Kasha*. Unaweka karata kifudifudi na kutangaza kilichomo. Anayekutilia shaka anabisha, karata inafunuliwa, aliyeumbuka analipa.

Sharti letu ni moja na hatutaki kulilegeza: mtu yeyote aliyekaa mezani acheze. Bibi asiyeona vizuri bila miwani, mtoto ambaye hajajua kusoma, jirani kiziwi, mgeni aliyefika wakati mmeshaanza. Naomba maoni yenu, hasa ya waliowahi kucheza na watu wa namna hiyo.

Shupaza_Nne (Uyole)

Mimi ndiye swahiba mwenyewe. Natetea *Nahodha*. Pita mitaa yetu ya Mbeya, Mwanjelwa, Soweto, Kabwe, popote palipo na benchi na watu wawili wasio na haraka, utakuta karata. Watu wanajua turufu, wanajua garasa (karata isiyo na thamani), wanajua kufuata aina. Nusu ya kazi ya kufundisha imeshafanywa na waliotutangulia. Halafu *Nahodha* ina akili ndani yake. Kwenye *Tufani* unaweza kushinda kwa kulamba dume tu, na aliyefikiri sana akaondoka mikono mitupu. Mimi hilo linaniuma.

Binti_Kihesa (Iringa)

Kamwene wadau. Nafanya kazi na vijana viziwi hapa Iringa, na mnaojua mkahawa wa Neema Crafts mtakumbuka jinsi mteja anavyoagiza kwa kuandika au kuonyesha, kwa sababu wahudumu ni viziwi. Mambo yanakwenda bila kelele na bila mtu kuonekana mzigo.

Kwa hiyo nizitazame hizi tatu kwa macho hayo. *Kasha* nilidhani ingekuwa mbaya kuliko zote, lakini haiko hivyo. Kiziwi anasoma uso kuliko sisi. Mkiweka ishara ya mkono ya kutangaza na ishara ya kubisha, atawatesa. Tatizo la *Kasha* liko kwa asiyeona, na kwa mtoto mdogo ambaye akidanganya anacheka papo hapo.

*Nahodha* ina shida ambayo Shupaza_Nne hakuitaja. Karata ziko mkononi na ni siri. Mgeni akikwama hawezi kuuliza "nitupe ipi?" bila kuonyesha alichonacho. Mwenye mkono mmoja, au mikono inayotetemeka, au vidole vilivyokakamaa kwa baridi ya Makete mwezi wa saba, hana pa kuzishika. Asiyeona lazima asaidiwe na mtu, na huyo msaidizi sasa anajua siri zake.

*Tufani* iko wazi mezani. Hakuna cha kushika wala cha kuficha. Aliye jirani anaweza kumsomea bibi kwa sauti na asiharibu chochote. Kwa sharti mlilojiwekea, mimi naona jibu liko hapo, ingawa namwelewa Shupaza_Nne kuhusu bahati.

Babu_wa_Rungwe (Tukuyu)

Wanangu, mimi nacheza na wajukuu, kwa hiyo nasema ninachokiona. Mchezo wa zamu unawachosha. Mmoja anafunua, watano wanatazama dari. Mdogo anaondoka kwenda kuchungulia jiko. *Tufani* hiyo yenu ni nzuri kwa anayefunua, wengine wanafanya nini?

Pili, huku umeme ukikatika tunawasha chemli. Nyekundu na kahawia zinakuwa kitu kimoja. Namba iwe kubwa, tena iwe kwenye pembe zote nne, maana mjukuu wangu mmoja hutumia mkono wa kushoto na karata za dukani zinamficha namba.

Mwanaloleza

Shikamoo Babu. Hoja ya zamu imenigusa kwa kweli. Na hiyo ya rangi tutaifanyia kazi hata bila kukatika kwa umeme, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani maisha yao yote. Wanaume ndio wengi, kwa kuwa chembe ya urithi inayohusika iko kwenye kromosomu X, na mwanamume anayo moja tu. Rangi itabaki kama pambo. Alama ndiyo itakayosema aina.

Pwani_Mpaka_Nyasa (Kyela)

Niingie upande wa hadithi, maana naona mmeandika karafuu na mimi ni mpenzi wa historia ya bahari yetu.

Kama maharamia wenu ni wa kile kipindi maarufu, yaani mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18, ondoeni karafuu kama mali ya Unguja. Mikarafuu ilishamiri Zanzibar karne ya 19. Wekeni pembe za ndovu, dhahabu, hariri, pilipili manga, lulu na shanga. Wala hamna haja ya kwenda Karibi kutafuta merikebu. Kisiwa cha Sainte-Marie, pembeni mwa Madagaska, kilikuwa maskani ya maharamia. Mwaka 1695 Henry Every aliteka Ganj-i-Sawai, merikebu ya mfalme Aurangzeb wa India, ikirudi kutoka safari ya hija. Mwaka 1721 Olivier Levasseur na wenzake waliteka merikebu ya Kireno Nossa Senhora do Cabo kule Réunion, na mwaka 1730 Levasseur alinyongwa kwenye kisiwa hicho hicho. Haya yote ni Bahari ya Hindi, mlango wetu wa mbele.

Lakini nawasihi jambo moja. Maharamia hao waliuza watu pia. Na mwanzoni mwa karne ya 19 wavamizi Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia mji wa Kua, kisiwa cha Juani kule Mafia, wakachukua watu utumwani. Magofu yapo hadi leo. Msiweke watu kama shehena, hata kwa mchoro mdogo, hata kama "ndivyo ilivyokuwa". Mtoto wa Mafia naye atacheza mchezo huu.

Shupaza_Nne

Hilo halina mjadala, mkuu. Shehena ni vitu tu. Asante kwa orodha, shanga zitachoreka vizuri.

Wakati tuko kwenye historia, mama yangu mkubwa amesikia maneno mawili, karata na maharamia, akauliza kama tumeacha kanisa. Nimjibu nini?

Pwani_Mpaka_Nyasa

Mwambie kuhusu Bartholomew Roberts, haramia aliyeuawa mwaka 1722 karibu na pwani ya Gabon. Kwenye sheria za merikebu yake iliandikwa kwamba hakuna ruhusa kucheza karata wala dadu kwa pesa. Kila mtu alikuwa na kura katika mambo mazito. Mgao ulijulikana kabla ya kwenda kuteka: nahodha mafungu mawili, baharia wa kawaida fungu moja. Na aliyepoteza kiungo kazini alilipwa dola 800 za wakati huo kutoka mfuko wa pamoja.

Binti_Kihesa

Hiyo ya fidia naomba iingie kwenye mchezo! Kila haramia anayechorwa duniani ana mguu wa mti au ndoana badala ya mkono, na karibu kila mara yeye ndiye kichekesho au ndiye mbaya. Mchoreni mwenye gongo akiwa nahodha, amesimama kwenye usukani, anaheshimiwa. Vijana ninaofanya nao kazi wataiona karata hiyo kabla ya nyingine zote.

HesabuKwanza (Njombe)

Nimepiga hesabu za *Tufani*. Mkiwa na karata 54, za tufani zikiwa 6, mtu anayeanza na rundo jipya ana nafasi kama 70 kati ya 100 ya kufunua tatu salama. Tano salama ni 54 kati ya 100, sita ni 48. Maana yake hofu inaanza kwenye karata ya sita. Ni mbali mno, hapo ndipo wajukuu wa Babu wanapoondoka.

Nyie mnachapisha kwenye A4, si ndiyo? Karata ya kawaida ni milimita 63 kwa 88. Zinaingia tisa kwenye ukurasa mmoja, tatu kwa tatu. Ongezeni ukurasa wa saba, mpate 63: aina sita za shehena, kila aina karata tisa, jumla 54, na tufani 9. Sasa tatu salama ni 62 kati ya 100, nne ni 53, tano ni 45. Uamuzi mgumu unakuja kwenye karata ya tano, na raundi inakuwa fupi.

Kuhusu kungoja zamu: kwa nini kila mtu awe na merikebu yake? Wawekeni wote kwenye merikebu moja. Karata inafunuliwa kwa ajili ya wote. Kabla ya kila karata kila mchezaji anaficha mkono chini ya meza, mnahesabu, mnautoa pamoja. Kiganja wazi, nabaki. Ngumi, nashuka na fungu langu. Wanaoshuka pamoja wanagawana kilichopo sawasawa, kinachobaki kinabaki melini. Tufani ikija, waliobaki wanakosa.

Babu_wa_Rungwe

Hapo sasa. Hata wa miaka sita anajua kiganja na ngumi. Kugawana watumie maharage, moja kwako, moja kwangu, hadi yasitoshe kuzunguka. Hakuna haja ya kujua kugawanya kwa kichwa.

Binti_Kihesa

Na ni ishara ya mkono! Kiziwi yuko sawa na wote. Kwa asiyeona, kila mtu aseme pia kwa mdomo baada ya kutoa mkono, na anayefunua karata ataje jina lake. Gharama yake ni pumzi tu.

Shupaza_Nne

Mnanibana kona, lakini nakiri hii imeingiza kile nilichokililia. Sasa kuna kumsoma mwenzako: nikijua unaogopa na utashuka, mimi nabaki nichukue peke yangu kitakachofuata. Hiyo ni akili, si bahati tupu. Ina kitu cha *Kasha* ndani yake bila mtoto kulazimika kudanganya.

Ombi langu ni moja. Karata 54 za shehena ziwe na namba 1 hadi 9 kila aina. Kwenye *Tufani* namba ndiyo idadi ya maharage. Kwangu mimi na watu wa benchi, rundo hilo hilo linacheza *Nahodha*: aina sita, namba tisa, tufani ndiyo turufu. Hatuongezi hata karata moja.

Mwanaloleza

Nimekubali. Unakumbuka nilikukatalia mambo mangapi mwezi huu, hili nakupa kwa mikono miwili. Karatasi moja ya maelekezo, upande mmoja *Tufani* ya merikebu moja, upande wa pili *Nahodha*. *Kasha* tunaiweka kabatini.

Mchapaji_Kabwe

Naona mmefika kwenye eneo langu. Msichapishe kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80, mwanga unapita na mgongo unaonyesha upande wa pili. Chukueni kadi nene ya gramu 300. Laminesheni inalinda dhidi ya chai na mvua zetu, ila karata zinateleza na kuchanganya kunakuwa taabu. Kwa rundo la majaribio iacheni. Njia rahisi ya majaribio ni kununua karata za dukani na kubandika karatasi juu yake. Pembe zikatwe duara, pembe kali zinachakaa kwanza na baada ya wiki kila mtu anaijua tufani kwa mgongo.

Kwa wale wa *Nahodha* wasioweza kushika karata, fundi seremala yeyote ana vipande vya mbao za paini kutoka shamba la miti la Sao Hill. Apitishe msumeno mfereji mmoja ulioinama kidogo, karata zinasimama zenyewe. Ni kazi ya dakika chache.

Mwanaloleza

Mchapaji, nitakuja dukani na faili. Binti_Kihesa, rundo la kwanza la majaribio nalileta Iringa. Tutawapa vijana karata na karatasi ya maelekezo, mimi na Shupaza_Nne tukae kando tusielekeze kitu. Palipo na utata tutapaona.

Kimebaki kitu kimoja kinachonisumbua: alama za aina sita zisizochanganyika kwenye chemli. Lulu na shanga zote ni duara. Mnashauri nini?

Babu_wa_Rungwe

Lulu iwe ndani ya kombe lililofunguka. Shanga ziwe kwenye uzi, tatu, uzi uning'inie. Pembe iwe mwezi mwandamo, hariri iwe jora lililoviringishwa, dhahabu iwe tofali, pilipili manga iwe kichala. Chora nyeusi tupu kwanza. Mjukuu akiitambua bila rangi, ndipo utie rangi.