Mrejesho: ile hoteli ya picha kali
Wadau, niliuliza kama nichukue chumba kwenye ile hoteli ya kishua katikati ya jiji au nitafute ya kawaida tu, basi nimeshalala huko. Pazuri kweli, picha hazikudanganya, ila bafu ni kioo kitupu yaani mwenzio kitandani anakuona unavyojisugua mgongo 😂 kabati hakuna, kuna vindoano tu ukutani, na soketi ipo nyuma ya kitanda, kuchaji simu mpaka usukume kitanda. Taa ndo usiseme, giza la kimahaba hata soksi nyeusi na ya bluu huzitofautishi. Aliyesema niombe chumba cha upande wa nyuma asante sana, kelele za barabarani sikuzisikia. Ekstensheni nayo iliniokoa. Usiku mmoja freshi, wiki nzima siwezi.